Springi Inatoka Yenyewe

Nikwambieni ukweli, mpaka leo nikipita Magamba navuta kofia hadi machoni, maana kuna kina mama kule wakiniona tu wanaanza kugusana viwiko, na mmoja wao (simtaji, bado nanunua viazi kwake) hanisalimii tena kwa jina langu, ananiita Baba Springi. Mimi ni Baba Nuru. Nina jina la ubatizo na jina la ukoo pia, lakini ukishafika kule juu hayo yote hayana kazi. Niliaibika, jamani. Niliaibika mbele ya mama mkwe, na aibu ya mbele ya mama mkwe haitoki kwa sabuni, hata kama ilikukuta ukiwa ndani ya maji.

Chanzo ni wivu, na sikatai, mimi nina wivu. Kuna wanaume wanajisifu hawana wivu, mimi nawaambia hao hawajaoa mwanamke kama Agnesi wangu, mwanamke ambaye akipita sokoni Lushoto wauza kabeji wanamchagulia kabeji nzuri bila yeye kuomba, halafu anarudi nyumbani ananionyesha kabeji na kusema ona watu walivyo wema, na mimi nakaa naitazama ile kabeji kama imenitukana. Nimeishi hivyo miaka yote ya ndoa. Nilishazoea wauza kabeji. Ambaye sikumzoea ni Mwalimu Bakari.

Huyu Bakari ni mtu wa Tanga, aliletwa kufundisha sekondari, na jioni akawa anawafundisha Kiingereza watu wanaotaka kuongoza wageni wanaokuja kutembea msituni. Sina ubaya na watu wa Tanga, nanunua vifaa vyangu vyote huko, lakini yule bwana alizidisha. Shati limepigwa pasi hata siku ya mvua. Ananukia. (Sisi huku mwezi wa saba tunanukia moshi, kila mtu, hata mchungaji.) Na Kiswahili chake kinateleza, akikwambia "karibu, mama" unatamani kukaa hata kama ulikuwa unaondoka. Agnesi alipojiandikisha kwenye mafunzo yake sikumkataza, nisije nikaonekana mshamba, ila wiki ile ya kwanza alipokuja nyumbani akasema maji kwa Kiingereza ni "wota", nilicheka. Nilicheka kwa nguvu, tena nikamwita Mzungu wa Magamba, maana kwao ni Magamba, na nikawa kila nikitaka maji ya kunywa naita, "Mzungu, niletee wota." Niliona ni utani tu. Ila yeye tangu hapo hakufanya tena mazoezi mbele yangu, akawa anafanyia jikoni na simu yake, kwa sauti ya chini, na mimi nikiingia ananyamaza.

Sasa niambieni nyie. Mke anaongea na simu jikoni kwa sauti ya chini, mume akiingia ananyamaza. Mnadhani mwenzenu nilikuwa nalala?

Alhamisi moja jioni nimetoka karakana, nimechoka, nikapita nyuma ili nivue viatu vyenye tope karibu na jiko letu la mabanzi. Nikiwa nimeinama na kiatu kimoja mkononi nikasikia sauti ya mwalimu imo jikoni kwangu. Kumbe ni ujumbe wa sauti kwenye simu, Agnesi ameuweka kwa sauti kubwa huku anachambua mboga. Na mwalimu anasema, namnukuu neno kwa neno kwa sababu usiku ule niliyarudia yale maneno mpaka yakanikaa kichwani: "Mama Nuru, kesho asubuhi tukutane pale pale juu Magamba. Springi tuijaribu kwanza sisi wawili, kabla wageni hawajafika. Usiwe na hofu. Kumbuka nilivyokwambia, springi inatoka yenyewe. Ukishaiweza hiyo, na wel utaiweza."

Agnesi akacheka. Akabonyeza simu, akajibu, "Sawa mwalimu. Ila Baba Nuru sijamwambia, naona aibu."

Hapo inabidi niwaeleze kazi yangu, la sivyo mtanionea bure. Mimi ni fundi makochi. Natengeneza makochi na vitanda hapa Lushoto mjini, na kwangu mimi springi ni kitu kimoja tu duniani: ule waya uliozungushwa, unaokaa chini ya sponji, unaomrudisha mtu juu akikaa. Nikisikia springi nasikia kochi, nasikia godoro. Na nikisikia springi inatoka yenyewe, mimi kama fundi najua springi haitoki hivi hivi tu. Inatoka pale kamba zilizoishika zimekatika, na kamba zinakatika kwa sababu kitu kimekaliwa, kimelaliwa, kimerukiwa, mpaka basi. Sasa kitanda gani huko Magamba ambacho mwalimu na mke wangu wanakijua kiasi cha kujua springi zake zinatoka zenyewe? Halafu wanakwenda kukijaribu, wao wawili, kabla wageni hawajafika. Na hiyo wel ndiyo ilinimaliza kabisa, kwa sababu Kiingereza changu cha darasa la saba chote kimebaki kwenye sentensi moja, mwalimu akiingia tunasimama tunaimba "ai em veri wel, thenki yu, ticha," yaani sijambo sana, niko vizuri, nina raha. Kwa hiyo nikaunganisha mwenyewe: springi kwanza, raha baadaye.

Ningeweza kuingia pale jikoni nikauliza, "Springi gani?" Maneno mawili tu. Angenijibu, tungecheka, ningekunywa chai yangu. Badala yake nilivaa kile kiatu upya, nikazunguka mbele ya nyumba, nikakohoa kama mtu anayefika sasa hivi, nikaingia, nikaomba chai. Akanimiminia. Nikamtazama usoni kuona kama kuna dalili, nikaona ana furaha, na furaha yake ikanichoma kuliko kama ningeona hatia.

Asubuhi akavaa kitenge kipya na sweta nililomnunulia mimi. (Hilo liliniuma peke yake, kwamba anakwenda na sweta langu.) Akasema anakwenda Magamba kwa mama yake kuna kazi ya kijiji. Nikamwambia msalimie mama. Akatoka. Nikahesabu pumzi zangu pale mlangoni, nikachukua mkoba wangu wa kazi, nikatia nyundo, kamba na springi za kochi la mteja, kwa hesabu kwamba mtu akiniuliza nafanya nini kwenye nyumba ya wageni, maana kitanda cha springi Magamba kingekuwa wapi kwingine, nitasema nimeitwa kutengeneza kitanda. Nilijiona nina akili sana. Nikasimamisha bodaboda.

Njia nzima dereva ananiongelesha habari za ukungu na bei ya njegere, mimi namjibu "mm, mm", machozi yananitoka na sijui ni ya baridi au ya hasira. Kule juu kuna nyumba ya wageni pembeni mwa msitu, vyumba viwili vitatu juu na vibanda vingine chini mtelemkoni. Nikamkuta binti anafagia uwanja. Akaweka ufagio chini, akapiga goti kidogo, "Shikamoo, baba."

Sikumjibu marahaba. Mniamini, ndilo jambo la kwanza nililoona aibu baadaye, hata kabla ya mengine, maana huku kwetu mtu mzima hapewi shikamoo akaiacha chini. Nikamwambia, "Springi iko wapi?"

"Springi?" akasema. "Iko huku chini. Mwalimu na Mama Nuru wameshateremka."

Alisema kawaida kabisa. Nikawaza, kumbe hapa wote wanajua. Mpaka mfagizi anajua. Nikateremka kwenye vile vibanda, nikasukuma mlango wa kwanza bila hodi, na ndani nikamkuta bibi wa kizungu, mzee wa makamo ya mama mkwe, amekaa kitandani, mswaki mdomoni, povu limejaa.

Tukatazamana. Sasa ningefanya nini? Mkoba ninao, nikaona niendelee na uongo wangu. Nikamwinamia kwa heshima, nikasogea kitandani, nikabonyeza godoro kwa kiganja pale pembeni yake mara kadhaa, kifundi, nikamwambia, "Springi."

Yule bibi akatema povu kwenye kikombe, uso ukachangamka wote. "Spring!" akasema. "Yes, yes!" Akavaa buti, akachukua fimbo yake ya kutembelea, akanishika mkono, akanitoa nje, akawa ananielekeza kwa fimbo kwenye njia inayoingia msituni. Nikajua huyu bibi naye amewaona. Amewaona, wamemuudhi, anataka kunipeleka. Nikamshukuru Mungu kwa shahidi wa nje. Yeye, nilikuja kuambiwa baadaye, alidhani mimi ndiye niliyetumwa kumfuata.

Tukaingia msituni tumeshikana mikono, mimi na bibi wa kizungu, mimi nanong'ona "leo ndiyo leo", yeye ananisemesha maneno mazuri ambayo sikuyaelewa hata moja. Nikawa nawaza wamepeleka kitanda msituni? Au ni godoro tu? Wivu ukishakukaa hauulizi godoro limefikaje msituni.

Njia ikakata juu ya ukingo, na chini yake kupitia majani nikawaona. Mke wangu na mwalimu. Wamepiga magoti bega kwa bega chini ya jiwe kubwa, vichwa vimeinama pamoja vinakaribia kugusana, mwalimu ameinua mikono yote miwili taratibu kutoka chini kwenda juu, na Agnesi naye anainua yake vilevile, anacheka. Sikuona kingine chochote. Watu waliokaa ng'ambo sikuwaona, nilimwona Agnesi anavyocheka. Hajacheka vile na mimi tangu Nuru azaliwe, ndivyo nilivyowaza, na nikaumia jamani.

Nikaachia mkono wa bibi, nikapiga hatua mpaka ukingoni, nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nayo, "Nimewaona!"

Nilitaka kusema mengine. Nilikuwa nimeyapanga. Lakini ukingo ule una ukoka wenye unyevu, na viatu vyangu ni vya mjini, nikateleza kwa makalio kutoka juu mpaka chini, mkoba ukafunguka njiani, nikapita katikati ya mke wangu na mwalimu kama gunia la viazi lililoponyoka kwenye gari linalotoka Lukozi, nikaingia majini.

Maji ya pale hayana huruma. Yalinikata pumzi. Niliposimama yalikuwa kiunoni, yale maji masafi yamegeuka uji wa tope, na springi za mteja wangu zimetawanyika, nyingine zinaruka ruka juu ya mawe, moja imening'inia kwenye kichaka pale ukingoni. Nikapangusa macho. Na hapo ndipo nikaona vizuri. Upande wa pili wa maji wamekaa kina mama wa kijiji mstari mzima na ndoo zao, katikati mwenyekiti wa kikundi cha kutembeza wageni amekaa kwenye kiti cha kanisani, na kando yake, amesimama, amejifunga kanga mbili, mikono imekunjwa, mama mkwe wangu.

Nikaona lazima mtu aanze, na huku kwetu anayeanza ni mdogo.

"Shikamoo, mama," nikasema, meno yanagongana.

"Marahaba, Baba Nuru," akajibu. "Umekuja kuoga?"

"Hapana, mama. Napita tu."

"Na viatu," akasema mama mkwe. Maana yale maji hayaingiwi na viatu. Wala hayaingiwi kabisa. Kina mama wa pale ndio wanaoyatunza, wanafagia majani, mtu haoshi hata kikombe ndani yake, ndiyo maji ya kunywa ya nyumba zote za upande ule. Na mama mkwe ndiye mkubwa wao. Asubuhi ile walikuwa wamesubiri kuchota mpaka shughuli iishe, na sasa wanatazama tope lao la kuchota, na mimi katikati yake.

Bibi wa kizungu kwa wakati huo ameteremka polepole na fimbo yake, akaiokota springi moja kwenye mawe, akaitazama, akanitazama, akaonyesha waya ule, "Spring," akaonyesha maji yanavyochemka chini ya jiwe, "Spring," akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Mwalimu Bakari naye akashika kichwa. Akasema kwa kile Kiswahili chake cha kuteleza, "Baba Nuru, shehe wangu, ulidhani springi ipi?"

Ndipo nikajua. Springi ni chemchemi. Ni maji yanayotoka yenyewe ardhini, ndiyo ile mikono waliyokuwa wanaiinua. Na wel ni kisima, kile cha kuchimba. Siku zote zile mke wangu alikuwa anahangaika na maneno hayo mawili, kwa sababu kwao Magamba yote mawili wanayaita kisima, yawe yametoka yenyewe, yawe yamechimbwa, mradi unachota na ndoo ni kisima, kwa hiyo kila akifika hapa kwenye mazoezi alikuwa anawaambia wageni wa kujifanya kwamba maji haya yamechimbwa. Na siku ile haikuwa ya kujifanya. Ilikuwa siku ya kuchagua nani ataongoza wageni kwenye njia ile. Kulikuwa na kijana mmoja wa Lukozi ameshafanya yake jana yake, Kiingereza kinamtoka kama maji ya bomba, na aliyebaki ni Agnesi peke yake. Agnesi ambaye aliacha shule kidato cha pili kwa kuuguza baba yake, ambaye hajawahi kuchaguliwa na mtu kwa kitu alichonacho kichwani. Yule bibi ndiye mgeni wa majaribio. Na kina mama wote wale walikuwa wameacha mashamba yao kuja kumwona mwenzao akijaribu.

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa amesimama na kitenge chake kipya, kimerukiwa tope kuanzia magotini mpaka kifuani, macho yamejaa machozi. Bora angenitukana.

Mwenyekiti akakohoa. "Naona tuahirishe," akasema. "Au tuseme tu kwamba yule kijana wa Lukozi..."

"Hapana," Agnesi akasema. "Naendelea."

Akapangusa macho kwa mkono wa sweta, akainama akaokota springi nyingine ya kochi, akamgeukia yule bibi, akaanza kwa Kiingereza. Mimi nimo majini bado, maana hakuna aliyeniambia nitoke na mimi sikuthubutu kuomba. Sikuelewa, lakini niliona. Aliibonyeza ile springi kwa vidole viwili ikaruka, akaonyesha maji yanavyoruka vilevile kutoka chini bila kusukumwa na mtu. Akasema "sofa". Akanionyesha mimi. Bibi anaitikia kwa kichwa. Akaonyesha kule juu shuleni, ambako miaka ile walichimba kisima, akafanya mkono wa kuchimba, akasema wel. Hakubabaika hata mara moja. Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sijawahi kukisikia nyumbani, na hapo tena, nimelowa, nimechekwa, natetemeka kwa baridi, wivu ukanishika upya, ila safari hii si wa Bakari. Nilimwonea wivu yeye mwenyewe. Nilimwona amesimama mahali ambapo mimi sifiki, anajua kitu ambacho mimi sijui, na nikaogopa kwamba atakwenda huko na asigeuke nyuma.

Bibi akauliza kitu, ananielekezea fimbo. Agnesi akanitazama kuanzia kichwani mpaka pale maji yalipofika, akajibu sentensi moja ndefu, na katika sentensi ile nikadaka neno moja tu ninalolijua. Wel.

Wakacheka. Mwalimu aliinama akashika magoti, mwenyekiti alivua kofia akajifunika uso, na wale kina mama walipotafsiriwa wakaangusha ndoo. Mimi nikajua mke wangu amenitetea. Amesema mume wangu ni veri wel, ni mtu mzuri, msimhukumu. Nikaona na mimi nionyeshe adabu, nikainua mkono kutoka kwenye tope, nikatabasamu, nikasema, "Thenki yu."

Jamani. Mama mkwe, ambaye sijawahi kuona meno yake tangu nilipopeleka posa, alikaa chini kwenye majani akalia kwa kicheko.

Walimchagua yeye. Bibi alisema akiongozwa na mwanamke huyu anaweza kutembea mpaka Tanga kwa miguu. Nilipotolewa majini mama mkwe alinipangia kazi, kesho yake Jumamosi nije peku nizoe tope lote mpaka maji yarudi kuwa meupe, na nilikuja, na kila aliyekuwa na ndoo siku ile alipitia pale, hata wasiochota kule. Yule binti wa kufagia naye alikuja, akanipa shikamoo, nikamjibu marahaba ya nguvu, mara mbili.

Lakini nirudi Ijumaa. Tuliteremka kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma viatu vinalia chwa chwa. Tulipofika kwenye kona ya mipeasi akasema bila kugeuka, "Mbona hukuniuliza?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia wota. Ukacheka wiki nzima."

Tukaenda. Nikaona bora niulize lile lingine, "Ulisema nini kule, pale walipocheka?"

"Nilimweleza yule bibi kilichokuleta, akauliza huo wivu wako ni springi au ni wel."

"Ukasema?"

"Nikasema ni kisima. Pale hapakuwa na tone la maji, ukachimba mwenyewe, ukachimba, mpaka ukatumbukia."

Nikabisha. Nilibisha mpaka tukaingia mjini, kwamba wivu unatoka wenyewe, haumwombi mtu ruhusa, kwa hiyo ni springi kwa kila hali, hata Mwalimu Bakari angekubali. Agnesi alikuwa anatembea na ile springi ya kochi mkononi, anaibonyeza, inaruka, anaibonyeza.

Ile springi anayo mpaka leo. Ndiyo anayofundishia wageni. Akifika nao pale kwenye maji anaitoa kwenye mkoba, anawasimulia kisa cha mume wake, anawaonyesha na alama ya makalio yangu ukingoni (haipo tena, mvua imefuta, lakini anawaonyesha), wageni wanacheka, wanapiga picha. Wazungu wa nchi nisizozijua wana picha ya mahali nilipoanguka. Na sitadanganya, akitoka asubuhi na sweta lile bado kitu kinanichoma hapa kifuani, bado nachungulia njiani mpaka apinde kona. Ila nimejiapiza jambo moja, neno nisilolijua sitaliunganisha tena mwenyewe.

Juzi jioni nimerudi kazini, nikapita nyuma kuvua viatu, nikasikia sauti ya Bakari jikoni: "Mama Nuru, kesho tufuate strimu mpaka mwisho." Damu ikapanda. Nikabaki nimeinama na kiatu mkononi, kichwa kimeshaanza, strimu gani, mwisho gani, wafuate wakiwa wangapi. Nikakiweka kile kiatu chini. Nikaingia peku.

"Strimu ni nini?" nikauliza.

Agnesi akasogeza sinia la mboga, akanipa nafasi kwenye benchi.

"Kaa," akasema. "Ila usicheke."